Luhende, kwa L

Queen alikuwa hawezi kuona L imekaa mahali pa R, au R mahali pa L, akanyamaza. Hata kama siyo yake. Pale steshenari ya Mirongo anapofanya kazi, mtu akileta barua ameandika "naomba luhusa", Queen anaifuta kwanza, ndiyo anamsalimia. Akiletewa tangazo la msiba lenye "malehemu" anarekebisha bila kuuliza, maana aliona siyo haki mtu azikwe na kosa juu yake.

Hakuzaliwa hivyo. Darasa la tano, Kiseke, alisimamishwa mbele asome habari ya uchaguzi, akasoma kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi tangu alfajiri kwenda kula. Mwalimu akamuuliza walikula nini, ugali na sato au wali? Darasa likaanguka kwa kicheko. Mpaka anamaliza la saba anaitwa Mama Kula. Ndiyo akawa anajifungia chooni na ulimi wake, lori, rula, lawama, ruhusa, mpaka ulimi ukanyooka kama wa mtangazaji wa redio. Na ulimi ulipomnyookea yeye, akaanza kuwanyoosha wengine.

Aliyepata tabu zaidi ni babu yake, mzee Maige, anayeishi Busisi, ng'ambo ya daraja. Ulimi wa mzee Maige unabadilisha L na R kama mtu anayebadilisha mkono wa kubebea ndoo, akichoka na huu anahamia huu, na kwake maji ni yaleyale. Miaka miwili iliyopita alipohitaji kitambulisho, ikatolewa kadi yake ya ubatizo, ya misheni, imeliwa na mchwa pembeni, imeandikwa kwa wino wa zamani: Maige Ruhende. Queen alisikia mwili unamwasha. Akampeleka mzee kwa wakili Otuoma, ofisi ya juu ya steshenari, jina likaapiwa, likawa Luhende, kadi mpya ikatolewa. Ile ya mchwa Queen aliichana mwenyewe vipande vinne akatupa. Kuchana kulimpa raha sana siku hiyo.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, katikati ya wateja wawili, simu iko mkononi kama kawaida, akakutana na tangazo. Kuna kaka mmoja anaitwa Nestory, Mhaya, anasoma Ujerumani, na huko anafanya kibarua cha kutafsiri kwenye jumba moja la makumbusho. Alikuwa ameandika kwamba jumba hilo linatengeneza orodha ya vitu vilivyochukuliwa Kanda ya Ziwa enzi za Wajerumani. Familia inayojua kitu chake ijitokeze. Kamati itakaa, na kitakachoingia kwenye orodha kitarudishwa kwa wenyewe. Kisichoingia kinabaki. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne.

Queen aliisoma mara tatu, mteja wake anapigapiga kaunta kwa ufunguo wa pikipiki.

Maana kitu chao kipo. Kila mtu kwao anakijua, ingawa hakuna aliyekiona. Babu wa mzee Maige alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, mtungaji, anayeshindana na maningi wengine baada ya mavuno. Kwenye ngoma za Wasukuma pande mbili zinacheza uwanja mmoja, kila upande na watu wake, na mshindi ni yule aliyekusanya watazamaji wengi. Basi huyo ningi akachonga mtu wa mti, urefu kama wa mtoto wa miaka mitano, mikono ina viungo, kamba zinapita kwenye viwiko na mabegani, na ukizivuta kwa chini mtu huyo anacheza juu ya vichwa vya watu. Akampa jina lake mwenyewe, Luhende. Watu walikuwa wanaacha upande wa pili mtupu wanakimbilia kumwona Luhende wa mti anarusha mabega. Akapita ofisa wa Kijerumani kutoka boma, akaona, akauliza kwa mkalimani huyu anaitwa nani. Akaambiwa. Karani akaandika jina kwenye unyayo, na mtu wa mti akabebwa na wapagazi siku hiyohiyo. Wapinzani walitunga wimbo kwamba Luhende ameolewa na mzungu.

Wimbo huo mzee Maige anaujua. Na anajua kamba zinavutwaje, ipi kwanza, ipi ikifuata, kwa sababu baba yake alimfundisha kwa mikono mitupu, bila mtu wa mti, kama kumfundisha mtu kuendesha gari lisilokuwepo. Yeye ndiye wa mwisho anayejua. Ana miaka themanini na moja.

Jumapili Queen akavuka daraja na simu yake. Zamani kwenda kwa babu ilikuwa safari ya kusubiri kivuko mpaka usinzie, siku hizi hujamaliza kusikiliza voisi moja umeshafika. Akamkuta mzee amevalishwa shati la kanisani na mama mdogo Selestina, mjane wa baba yake mdogo, ndiye anayekaa naye na kumtunzia dawa na simu. Queen akampigia Nestory kwa video.

Nestory alimwamkia mzee vizuri tu, shikamoo, marahaba, za huko. Mzee akamuuliza kama ni wa Bukoba. Akakubali. Mzee akasema ndiyo maana, Wahaya wamewahi kuwazoea wazungu, sasa hata kutafuta vitu vyetu lazima tupitie kwao. Nestory akacheka akasema mzee usinianze, nina homa. Kisha akauliza mtu wa mti anaitwa nani.

"Ruhende," akasema mzee Maige.

Queen akajisikia uso unachemka, uleule wa darasa la tano. "Babu. Luhende. L. L ya lori."

"Si ndiyo nimesema. Ruhende."

"Kaka Nestory, andika kwa L. Mzee ulimi wake unateleza."

"Una uhakika, dada? Maana nimemsikia kama..."

"Kwa L," Queen akasema. "Mimi ndiye ninayewaandikia watu majina kila siku."

Nestory akaandika. Wakamsikia anabonyeza. Akasema hakuna kitu. Akajaribu Luhende ya ningi, Luhende ya Sengerema, Luhende ya ngoma. Hakuna. Akasema labda kilisajiliwa bila jina, wasikate tamaa, waandike barua pepe rasmi kwa mama anayesimamia stoo, anaitwa Annegret, yeye Nestory atatafsiri.

Queen akaandika. Yule mama akajibu baada ya wiki mbili kwamba anashukuru kwa kuwasiliana nao na kwa bahati mbaya hakuna kitu chenye jina hilo. Queen akaandika tena, akaeleza viungo, kamba, urefu. Wiki tatu. Anashukuru tena, kwa bahati mbaya tena, wana sanamu nyingi za Afrika Mashariki, ila hakuna iliyoandikwa kwamba inacheza. Barua zilikuwa na adabu mpaka zinachosha. Ungependa mtu akutukane, ujue mahali pa kushika.

Kila Jumapili mzee anauliza, mke wangu, mume mwenzangu amepatikana? Hayo ndiyo maneno yake, kwa mjukuu ni utani tu. Queen anasema bado babu, wanatafuta. Mwezi wa tatu wote anasema bado. Mwezi wa nne mzee akaacha kuuliza, akawa anamwangalia tu akishuka kwenye bajaji, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuuliza.

Ikabaki siku mbili. Jumatano mchana, umeme umekatika Mirongo, mashine zimelala, Queen akakaa kwenye ngazi ya steshenari na bando la siku nzima, akaingia mwenyewe kwenye tovuti ya lile jumba. Haina Kiswahili. Akaanza kuangalia picha moja moja. Vigoda, mishale, vibuyu, shanga, ngao, vigoda. Alipofika ya mia tatu na kitu vidole vilikuwa vinauma. Ndiyo akamwona.

Amelazwa chali juu ya kitambaa cha kijivu, mikono imenyooshwa ubavuni kama maiti iliyooshwa. Lakini viwiko vina matundu. Mabega yana matundu. Queen akavuta picha kwa vidole mpaka ikajaa kioo. Matundu yamesuguliwa pembeni, yanang'aa, kamba ilipita hapo mara nyingi sana. Kulikuwa na picha ya pili, ya nyayo, na kwenye unyayo wa kulia maandishi ya wino uliopauka. Akayasoma herufi kwa herufi.

Ruhende.

Na juu ya picha jina la sanamu lilikuwa hilohilo likiwa na neno lingine mbele yake. Akalinakili, akaliweka kwenye ile programu ya kutafsiri, ikamjibu papo hapo: sanamu iliyopumzika.

Hakuelewa. Akampigia Nestory, akamkuta kwenye treni. Akamtumia picha. Nestory akaifungua, akasoma unyayo.

"Dada, ruhende ni neno la Kijerumani," akasema. "Ni kitu kilichopumzika. Kimetulia. Wao wamesoma unyayo wakadhani yule ofisa aliandika kwamba hii sanamu ni ya mtu aliyelala. Ndiyo maana wameilaza."

"Ni jina la babu yetu."

"Ndiyo ninavyoona sasa."

"Miaka zaidi ya mia amelazwa kwa sababu ya jina lake."

Nestory akasema kitu ambacho Queen alikuwa anakiogopa kabla hajakisema. Kwamba siku ile ya video alimsikia mzee akisema kwa R, wazi kabisa, na angeandika hivyo kitu kingetokea siku hiyohiyo. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma risiti. Queen akabaki kwenye ngazi, watu wanapita kwenda sokoni, simu sikioni. Yaani mzee alikuwa sahihi. Karani wa boma alisikia kama mzee anavyosema, akaandika kama alivyosikia, na mtu pekee aliyeharibu ni yule mwenye ulimi ulionyooka.

Bado kulikuwa na siku moja na nusu. Nestory akamfuata Annegret ofisini kwake, akarudi na jibu jioni ileile: mama amefurahi, amesema ni ugunduzi wa kuvutia, lakini mwombaji anaitwa Luhende na unyayo unasema Ruhende, kamati itataka karatasi inayoonyesha familia hii iliwahi kuandikwa kwa R. Karatasi yoyote ya zamani. Cheti, kadi ya ubatizo.

Vipande vinne. Queen aliviona vikianguka kwenye ndoo ya taka, kimoja kimoja.

Alhamisi asubuhi, kabla hata hajafungua duka, akapanda juu kwa wakili Otuoma. Wakili Otuoma ni Mjaluo wa Rorya, mtu mkubwa, sauti kubwa, mafaili yake yamepangwa kama matofali. Queen akamwamkia, akamweleza, na habari ya kuchana akaisema mwisho.

"Ninyi Wasukuma na hizo herufi zenu," akasema wakili Otuoma. "Nusu ya ofisi hii mmeijenga ninyi. Mkiamka siku moja mkakubaliana ni L au R, mimi narudi Rorya kulima mihogo."

"Mzee, naomba usinicheke leo."

Akamwangalia, akaacha kucheka. Akainuka, akavuta faili la miaka miwili nyuma, akalipuliza vumbi, akageuza kurasa huku anajisemea, Lubango, Lubigisa, Lufungulo. Akachomoa nakala moja yenye muhuri na dole gumba la zambarau.

Kiapo cha jina. Hakuna Mtanzania asiyeijua karatasi hiyo. Mimi, Maige, naapa na kuthibitisha kwamba majina Maige Ruhende na Maige Luhende yote ni yangu na yanamhusu mtu mmoja na yuleyule. Queen alikuwa ameichapa mwenyewe, vidole vyake hivihivi, na siku ile aliona ni karatasi ya kumfukuza R nyumbani kwao. Sasa akaishika kwa mikono miwili. Mtu mmoja na yuleyule. Wakili Otuoma akampigia muhuri mpya juu ya ule wa zamani, akamwambia ashuke haraka, umeme umerudi.

Akaskani. Akatuma. Nestory akatafsiri Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi kiapo kikafika, masaa mawili kabla ya mwisho. Annegret akaandika kwamba amekipokea na kwamba hajawahi kuona waraka wa namna hiyo, mtu kuapa kwamba yeye ni yeye.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Queen wiki hiyo alikosea kila kitu, alitoa picha za pasipoti za mtu akampa mwingine, akaandika jina la bibi harusi mahali pa mchungaji. Alimpigia mama mdogo Selestina akamwambia wampikie mzee vizuri, inawezekana habari njema inakuja. Hilo ndilo alilojutia baadaye.

Jibu lilikuja Jumatatu, likiwa limetafsiriwa. Nestory alikuwa ameweka mwanzoni neno moja, pole, ndiyo chini yake barua.

Kamati imeikubali karatasi. Kamati imeridhika kwamba neno la unyayoni ni jina la mtu, na inaishukuru familia kwa mchango wake mkubwa. Jina limerekebishwa kwenye tovuti kuanzia leo. Hata hivyo kamati imebaini kwamba ombi la familia linahusu sanamu ya kuchezeshwa, inayosimamishwa, wakati kifaa kilichopo kimesajiliwa tangu mwanzo kuwa sanamu iliyolala. Kwa kuwa maelezo hayo mawili hayalingani, kifaa hakikuweza kuingizwa kwenye orodha ya awamu hii. Awamu ijayo ni baada ya miaka miwili. Familia inakaribishwa kuleta ushahidi kwamba sanamu iliwahi kusimama.

Queen akafungua tovuti. Kweli wamerekebisha. Kwa L kabisa, L nzuri kubwa. Programu ikamtafsiria: Luhende, sanamu iliyopumzika.

Alicheka. Mteja akamuuliza dada vipi, akasema hamna kitu, na machozi yanatoka. Imesajiliwa imelala kwa sababu walidhani jina linasema imelala. Sasa wamekubali jina halisemi hivyo, lakini imelala kwa sababu imesajiliwa. Akajaribu kumweleza mteja akaona mwenyewe anachanganyikiwa. Angefungua kesi ya namna hiyo kwa wakili gani? Akampigia Nestory akafoka, kisha akamwomba radhi, maana Nestory alikuwa na hasira kuliko yeye, alishamwambia Annegret maneno ambayo kwa Kijerumani, alisema, hayana adabu hata kidogo.

Akafunga duka saa nane, akavuka daraja.

Mzee Maige alikuwa amekaa uani, mguu mmoja juu ya kigoda, mama mdogo Selestina anachambua dagaa pembeni. Queen akamwamkia, akaketi chini, akaeleza yote bila kuficha. Kadi aliyoichana. L aliyoing'ang'ania. Kamati. Miaka miwili. Alipomaliza, mzee akauliza swali moja tu, kama anaweza kumwona.

Queen akaweka ile picha kwenye simu, akampa. Ilikuwa mara ya kwanza. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akapitisha kidole kwenye viwiko.

"Wamemlaza," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Mtu wa ngoma wamemlaza."

Akaigeuza simu, taratibu, ili mtu wa mti asimame. Simu nayo ikaona imegeuzwa, ikaigeuza picha. Luhende akalala tena. Mzee akajaribu upande mwingine. Akalala tena. Akarudia mara nne, tano, kila akimsimamisha simu inamlaza.

"Mke wangu, hata simu yako imeshakubaliana nao."

Queen akainyakua. Alikuwa hajawahi kuikasirikia simu hivyo, ni kama imemsaliti mbele ya watu. Akashusha ile sehemu ya juu, akazima kitufe cha kujigeuza, akaifunga picha isimame ilivyo. Akamrudishia. "Jaribu sasa. Haitageuka."

Mzee akaigeuza. Luhende akasimama. Miguu chini, kichwa juu, mikono ubavuni, matundu ya viwiko yanaangalia mbele. Mzee akaiinua simu juu ya kichwa chake kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukashuka chini ukaanza kuvuta kamba ambazo hazipo, ipi kwanza, ipi ikifuata, bega, kiwiko, bega, na simu ikawa inaitikia, inaruka, inapinda, na mzee akaanza kuimba ule wimbo wa wapinzani, wa kuolewa na mzungu, anauimba kwa kukejeli waliouimba, akilitaja jina mara kwa L mara kwa R. Mama mdogo Selestina akaacha dagaa.

Queen mkono ulienda mfukoni wenyewe, kama unavyokwenda siku zote, kutafuta kitu cha kurekodia. Mfuko mtupu. Simu ndiyo hiyo iko juu, inacheza.

"Mama mdogo," akasema, bila kutoa macho kwa babu yake. "Niazime simu yako. Haraka, kabla hajachoka."

"Ya nini? Haina chaji nyingi."

"Wametaka ushahidi kwamba alisimama."

Mama mdogo Selestina akafuta mikono kwenye khanga, akaitoa simu kifuani, kioo chake kimepasuka katikati. Queen akaipokea, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kurekodi. Chaji asilimia tisa.

"Sema jina lake, babu," akasema. "Liseme unavyolisema wewe."